Baada ya mazishi: nani anasimamia, nani anarithi, na yapi yasisubiri arobaini

“Subirini kwanza arobaini ipite.” Kauli hii husikika karibu kila msibani, na husemwa kwa nia njema. Wafiwa wamechoka, wageni bado wanaingia na kutoka, na mtu anayeulizia hati ya nyumba wakati turubai halijashushwa huonekana mroho. Lakini Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Familia inayosubiri arobaini ndipo ianze kuuliza inaanza ikiwa imeshachelewa.

Kuchelewa kwenyewe kunarekebishika. Kinachoumiza familia zaidi ni kuchanganya mambo matatu yanayofanana kwa mbali: nani anazika, nani anasimamia mali, na nani anarithi. Ukisoma magrupu ya WhatsApp ya familia baada ya msiba utaona mambo hayo matatu yamegeuzwa kuwa moja. Baba mdogo aliyesimamia mazishi anajiona ndiye mwenye sauti kwenye nyumba. Mtoto mkubwa aliyechaguliwa na ukoo anaanza kupokea kodi za wapangaji kama zake. Mjane anasema jina lake ndilo lililoandikwa kwenye fomu ya benki, kwa hiyo pesa ni zake. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja amekosea mahali fulani.

Makala haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake: vifo husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na mirathi ya Waislamu huendeshwa katika Mahakama za Kadhi, ambazo kule ni mahakama za dola.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Mirathi ni mali zote alizoacha marehemu pamoja na madeni yake. Mrithi ni mtu ambaye sheria au wosia unampa sehemu ya mali hizo. Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi kinachobaki. Kama marehemu aliandika wosia na kumtaja mtu wa kuutekeleza, huyo ni mtekelezaji wa wosia, na kazi yake ni ileile ila anafuata maandishi ya marehemu. Wadai ni wale waliokuwa wakimdai marehemu. Mtu mmoja anaweza kuwa msimamizi, mrithi na mdai kwa wakati mmoja, na hapo ndipo anapohitaji kukumbushwa amevaa kofia ipi.

Saa za kwanza

Kifo kikitokea hospitali, hospitali hutoa karatasi ambayo wengi huiita kibali cha mazishi au tangazo la kifo. Kikitokea nyumbani, taarifa hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, naye ndiye wa kuandika. Kifo cha ghafla kisichoeleweka, cha ajali au chenye dalili za kudhuriwa lazima kifike polisi kabla mwili haujaoshwa wala kuhamishwa. Najua hili huwa gumu kwa familia zinazotaka kumsitiri marehemu wao siku hiyohiyo, hasa Waislamu. Hata hivyo, bila taarifa ya polisi, madai ya bima ya ajali na hata ukweli wenyewe wa kilichotokea huweza kupotea moja kwa moja.

Karatasi ile ya hospitali au ya mtendaji ndiyo mbegu ya nyaraka zote zitakazofuata. Itolewe nakala mara moja, na ya asili akabidhiwe mtu mmoja anayejulikana. Mara nyingi hukabidhiwa kijana aliyekwenda mochwari, anaiweka mfuko wa shati, inakwenda hadi makaburini, na wiki tatu baadaye hakuna anayekumbuka iko wapi.

Ikiwa kuna bili ya hospitali ambayo familia haiwezi kuilipa papo hapo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo. Kazi yake mojawapo ni kuangalia uwezo wa familia na kupanga namna ya kulipa. Ikiwa marehemu alikuwa mtumishi wa umma, mwajiri apewe taarifa siku ileile, kwa sababu ana wajibu wake katika jeneza na usafirishaji wa mwili, na msaada huo huombwa kabla ya mazishi.

Kuhusu rambirambi: pesa za michango zilitolewa na watu walio hai kuwapa wafiwa baada ya kifo. Kwa kawaida hizo si mali ya marehemu na hazigawanywi kama mirathi. Ziandikwe kwenye daftari zilizoingia na zilizotoka, kisha daftari lisomwe mbele ya wafiwa siku ya kuanua matanga. Ugomvi mwingi wa mirathi huanza na pesa za rambirambi ambazo hakuna aliyejua zilikwenda wapi, na baada ya hapo hata msimamizi mwaminifu haaminiki.

Cheti cha kifo na balaa la majina

Cheti cha kifo hutolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wilayani huduma hii huwa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa Katibu Tawala, na siku hizi maombi huanzia pia mtandaoni kupitia mfumo wa eRITA. Unapeleka ile karatasi ya kifo, kitambulisho cha marehemu na cha mwombaji. Siku 30 zikipita bado unaweza kusajili, ila ada huongezeka na utaombwa uthibitisho zaidi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa linalofanyika kwenye dirisha hili huwatesa watu kwa miaka. Tuchukue mfano. Mzee ana kitambulisho cha Taifa kinachosomeka Juma Hamisi Athumani. Hati ya kiwanja inasomeka Juma H. Mwinyi, kwa sababu Mwinyi ndilo jina alilojulikana nalo mtaani alipokuwa ananunua. Kazini alikuwa Juma Athumani. Hospitali waliandika “Mzee Juma Mwinyi” kwa kusikia kutoka kwa mjukuu. Cheti kikitoka na jina la mjukuu, benki itasema huyu si mteja wetu, mfuko wa pensheni utasema huyu si mwanachama wetu, na ofisi ya ardhi itasema hivyohivyo.

Kabla ya kujaza fomu, toa nyaraka zote za marehemu uzipange mezani: kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki, hati au mkataba wa mauziano, kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kadi ya gari, cheti cha ndoa. Soma jina kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Cheti kifuate kitambulisho cha Taifa, kisha tofauti zilizobaki zielezwe kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Ni kazi ya asubuhi moja ikifanywa mapema. Ikifanywa baada ya miaka, mashahidi waliomjua mzee kwa majina yote hayo huenda nao hawapo.

Wakati huohuo tafuteni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila isiyo na cheti bado ni ndoa, lakini itahitaji kuthibitishwa kwa kiapo, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na watu walioshuhudia.

Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama inateua

Kikao cha familia au ukoo kina heshima yake na kina kazi yake. Kinawakutanisha watu, kinataja warithi mbele ya wote, na kinapendekeza jina la msimamizi. Mahakama nyingi hutaka kuona muhtasari wake kwa sababu ni ushahidi kwamba familia inajua na haina mgogoro. Lakini kikao hakimpi mtu mamlaka juu ya mali. Aliyependekezwa na ukoo, kabla ya kupata barua ya usimamizi kutoka mahakamani, hana haki ya kuuza, kupangisha, kutoa pesa wala kugawa hata baiskeli. Akifanya hivyo, sheria inamtazama kama mtu aliyejiingiza kwenye mirathi bila ruhusa, na anaweza kutakiwa kurudisha.

Na hata akishateuliwa, msimamizi ni kama mshika funguo wa sanduku la kikoba: funguo ni zake kuzitunza, pesa ni za wanachama, na siku ya hesabu sanduku hufunguliwa mbele ya wote. Kuwa kaka mkubwa hakumfanyi mtu mrithi ikiwa marehemu ameacha watoto na sheria inayotumika haimpi ndugu sehemu. Vilevile kuwa mjane hakumzuii mtu kuwa msimamizi. Hakuna sheria inayosema msimamizi lazima awe mwanamume wala lazima atoke upande wa baba. Mahakama inaangalia uaminifu, maslahi ya mtu huyo katika mirathi, na uwezo wake wa kuifanya kazi. Inaweza kuteua wawili, na pale pande mbili zisipoaminiana, mmoja kutoka kila upande huwa njia ya busara.

Muhtasari mzuri una tarehe na mahali, majina na saini za waliohudhuria pamoja na uhusiano wao na marehemu, orodha ya mke au wake na watoto wote, orodha ya mali na madeni yanayojulikana, na jina la aliyependekezwa. Muhtasari mbaya nao unajulikana mara moja: saini zote zina mwandiko mmoja, mjane hayumo, na watoto ni watatu wakati mtaa mzima unajua ni watano. Kumficha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakumwondoi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi ipasavyo mali ya mzazi wake. Swali la anapata nini linategemea sheria itakayotumika kugawa, na hilo ni la mahakama kuamua. Anayefichwa leo atakuja na pingamizi kesho, na nyumba iliyokwisha uzwa itarudi kuwa kesi.

Mrithi aliye Muscat au London hana lazima ya kupanda ndege kwa ajili ya kikao. Anaweza kusaini maandishi ya ridhaa na kuyathibitisha ubalozini, kisha yakaambatanishwa.

Mjane Mwislamu aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi huambiwa mara nyingi asijihusishe na lolote mpaka amalize. Eda ni ibada na iheshimiwe. Lakini masheikh wengi huruhusu kutoka mchana kwa haja ya lazima, na kikao kinaweza kufanyika nyumbani alipo. Kutumia eda yake kama nafasi ya kumwacha nje ya orodha ni dhuluma, na dini yake haijaiagiza.

Mahakama ipi?

Hapa watu wengi hupotea, na wengine hugundua baada ya miaka kwamba uteuzi wao ulikuwa batili. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu, na ni lazima marehemu awe alikuwa na makazi ya kudumu katika eneo la mahakama hiyo alipofariki. Mirathi nyingine, kwa mfano ya Mkristo ambaye maisha yake hayakuwa ya kimila, hufunguliwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali.

Dini iliyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo pekee haimalizi swali. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha: alifunga ndoa gani, aliishi kwa desturi za kabila lake au aliziacha, aliandika nini. Mkristo aliyeishi kijijini kwa mila za kwao anaweza kuangukia kwenye sheria za kimila. Kama mna shaka, mwulizeni karani wa mahakama au wakili kabla ya kulipia, kwa sababu kuanza upya ni ghali kuliko kuuliza. Dar es Salaam kuna Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza mwaka 2021, ambako mashauri ya mirathi na ndoa ya ngazi mbalimbali yamewekwa chini ya paa moja.

Kuna imani kwamba mirathi hufunguliwa pale shamba lilipo. Mzee aliyeishi Mbagala miaka 30 na kuacha shamba Mvomero, mirathi yake ya Mahakama ya Mwanzo inafunguliwa kule alikoishi, na barua ya usimamizi itatumika hata kwa shamba la Mvomero. Kinachotokea mara nyingi ni mke kufungua Dar es Salaam na wadogo wa marehemu kufungua kijijini, kila upande kimyakimya. Wakikutana, kila mmoja ana karatasi yenye muhuri. Kesi za namna hii huchukua miaka, na wanaolipa gharama ni watoto ambao ada zao za shule zimekwama humo.

Katika Mahakama ya Mwanzo ombi hufanywa kwa Fomu Namba 1, likiambatana na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kusikilizwa warithi hufika, mwombaji huapa, wadhamini husaini, na asipotokea mpingaji uteuzi hutolewa. Akitokea mpingaji, msimchukulie kama adui hapohapo. Pingamizi ni njia ya kisheria ya kusema “mmenisahau”, na nyingine huisha siku hiyohiyo mtu anapoongezwa kwenye orodha.

Je, kuna muda wa mwisho wa kufungua mirathi? Wengi huamini kwamba baada ya mwaka mlango umefungwa. Si hivyo. Katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo, ombi linaloletwa zaidi ya miaka mitatu baada ya kifo linatakiwa lieleze sababu za kuchelewa. Lakini msilegee kwa ajili hiyo: madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mvamizi kwenye kiwanja cha marehemu naye anahesabu.

Pesa za benki, simu na mafao

Kuna jambo hufanyika karibu kila familia na hakuna anayeliona kuwa kosa: kuchukua kadi ya benki au simu ya marehemu na kutoa pesa kwa namba ya siri inayojulikana. Nia huwa ni kununua sanda au kulisha waombolezaji. Naielewa dharura hiyo. Lakini akaunti ile tangu saa ya kifo ni mali ya mirathi, na kila muamala una tarehe na saa. Siku ya hesabu, aliyetoa ataulizwa. Benki ikishapata taarifa ya kifo hufunga akaunti, na kampuni ya simu nayo hutaka barua ya usimamizi, cheti cha kifo na kitambulisho kabla ya kukabidhi salio. Gharama za mazishi hulipwa kwanza kutoka kwenye mirathi, kwa hiyo aliyetumia pesa yake ya mfukoni atunze risiti, anaweza kurudishiwa.

Jina la “mtu wa karibu” kwenye fomu ya benki au laini ya simu ni la mtu wa kupigiwa simu. Halimpi urithi. Mjane aliyeandikwa pale hapotezi haki zake, ila haki hizo zinatoka kwenye sheria au wosia, na pesa inapitia kwa msimamizi.

Mafao ya hifadhi ya jamii yana njia yake. Mwanachama wa NSSF, ambayo hasa ni ya sekta binafsi, au wa PSSSF, iliyoundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF kwa ajili ya watumishi wa umma, akifariki, sheria ya mfuko ndiyo inayotaja wategemezi wake: mwenzi, watoto, na katika mazingira fulani wazazi. Mtu hawezi kuyagawa mafao hayo kwa wosia atakavyo, wala ukoo hauwezi kuyapangia. Nendeni kwenye mfuko mapema mkachukue fomu, kwa sababu ndizo zitakazowaambia nyaraka zipi zinahitajika. Aliyefia kazini au kwa ugonjwa uliotokana na kazi, wategemezi wake wana madai pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Aliyeuawa na gari, kampuni iliyokatia gari hilo bima ndiyo ya kufuatwa.

Mikopo nayo ichunguzwe kabla ya kulipwa. Mikopo mingi ya benki, hasa inayokatwa kwenye mshahara, imekatiwa bima ya maisha: mkopaji akifariki, bima hulipa kilichobaki. Nimeona familia ikiuza ng’ombe kulipa deni ambalo bima ingelibeba kama wangeuliza. Muulizeni afisa mikopo swali hilo moja kwa maandishi, na jibu litoke kwa maandishi.

Madeni kwanza, mgawo baadaye

Watoto hawarithi madeni ya baba mifukoni mwao. Madeni hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu, na mali ikiisha, mdai ameishia hapo, isipokuwa kama mtoto alidhamini deni hilo yeye mwenyewe. Anayekuja msibani na daftari la madai aambiwe kwa heshima apeleke uthibitisho kwa msimamizi. Sheria na dini zinakubaliana kwenye mpangilio: gharama za mazishi, gharama za kusimamia mirathi, madeni, wosia halali, ndipo warithi.

Kabla ya kugawa lazima pia ijulikane ni ipi hasa iliyokuwa mali ya marehemu. Nyumba ambayo mke ameijenga pamoja na mume kwa mkopo wa kikundi chake haiwezi kuorodheshwa yote kana kwamba mume aliijenga peke yake. Mjane aseme hivyo mahakamani na alete ushahidi wake: risiti za saruji, taarifa za mkopo, fundi aliyelipwa naye.

Kisha inakuja sheria ya kugawa, na Tanzania Bara ina mifumo mitatu. Kwa Mwislamu, mafungu yako wazi: mke au wake hushirikiana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa kuna watoto na robo ikiwa hakuna, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Kwa wale wasioangukia kwenye Uislamu wala mila, bado inatumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo humpa mwenzi theluthi moja na watoto theluthi mbili.

Mfumo wa tatu ni wa kimila, na hapa sitazungumza kwa kuficha. Kanuni za kimila zilizotangazwa serikalini mwaka 1963 zinasema mjane hana sehemu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atunzwe na watoto wake. Kanuni hizo bado zimeandikwa vitabuni. Wajane wawili Watanzania walizipinga hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ilisema haki zao zimevunjwa na kuitaka serikali irekebishe sheria. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata ardhi. Kwa hiyo mjane anayeambiwa “mila yetu hairuhusu” asikubali na kufunga mizigo. Hakuna shemeji mwenye mamlaka ya kumtoa ndani ya nyumba, na akilazimishwa aende polisi na kwa mtendaji, kisha kwa msaada wa kisheria. Wapo wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi, yapo mashirika kama WLAC, TAWLA na LHRC yanayotoa msaada bure, na ipo kampeni ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoanza mwaka 2023 kwa jina la Mama Samia.

Kumaliza kazi

Barua ya usimamizi ikishatoka, familia nyingi hupumua na kuiweka kabatini. Kumbe ndiyo kwanza kazi imeanza. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5 na hesabu ya mgawo kwa Fomu Namba 6, au aombe aongezewe muda. Katika mahakama za juu orodha hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Msimamizi anayekaa miaka kumi anapokea kodi bila kuleta hesabu anaweza kutenguliwa. Mrithi yeyote anaruhusiwa kuandika barua mahakamani kuuliza faili limefika wapi. Hahitaji ruhusa ya kaka mkubwa kufanya hivyo.

Ardhi yenye hati huhama kwa hatua mbili. Kwanza msimamizi husajiliwa kwenye hati kama msimamizi, kisha yeye ndiye anayeihamisha kwenda kwa mrithi. Kwa ardhi ya kijiji mambo hupita kwenye halmashauri ya kijiji. Wengi huishia hatua ya kwanza. Jina la msimamizi likibaki kwenye hati na yeye mwenyewe akafariki, watoto wake huanza kuamini kwamba nyumba ilikuwa ya baba yao, na watoto wa marehemu wa kwanza hujikuta wakithibitisha upya kila kitu.

Hesabu ikikubaliwa na warithi wakathibitisha wamepokea, mahakama hufunga mirathi, na mamlaka ya msimamizi yanakoma hapo. Ombeni nakala zenye muhuri za amri ya kufunga na za mgawo, kila mrithi na yake, muende nazo ofisi ya ardhi.